Saratani na Uzee: Tusiwafiche Wazee Ukweli

Miongoni mwa maradhi yanayompata binadamu, ni machache sana ambayo jina lake huogopwa kama saratani. Malaria imeua watu wengi katika nchi yetu, na bado inaua, lakini hutajwa sokoni, shambani na darasani bila mtu kushusha sauti. Saratani si hivyo. Mgonjwa huambiwa kuwa ana “uvimbe”, au “kidonda kisichopona”, au “ugonjwa ule mbaya”. Jamaa zake hushauriana nje ya nyumba, na mwenye mwili huachwa ndani, akisubiri kujua kutoka katika nyuso zao yale ambayo hakuna aliyekubali kuyasema kwa kinywa.

Makala haya yanahusu hofu hiyo, hasa inapowapata wazee. Yanaandikwa kwa walimu na wanafunzi wa shule za sekondari kwa sababu katika kaya nyingi za vijijini na mijini, mwanafunzi ndiye anayesoma karatasi ya hospitali iliyoletwa na babu au bibi. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuujua ukweli, tena ndiye wa kwanza kuambiwa aufiche. Maoni yetu ni kwamba kuficha huko, ingawa hutokana na upendo, humdhuru mzee kuliko kunavyomsaidia. Na kwamba elimu ya sayansi isiyofika katika jambo kama hili bado haijamaliza kazi yake.

Tuchukue mfano wa Mandewa, katika Manispaa ya Singida, mahali ilipojengwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mkazi wa Mandewa ana bahati ambayo baba yake hakuwa nayo: daktari na maabara viko karibu na mlango wake. Hata hivyo, hofu haipimwi kwa kilomita. Mtu anaweza kuishi mita mia tano kutoka hospitali na akakaa na uvimbe mwaka mzima bila kuuonyesha kwa mtu yeyote. Kwa hiyo ujenzi wa majengo, pamoja na umuhimu wake wote, hautoshi. Hapana budi kujenga pia ufahamu.

Kwa nini saratani huongezeka kwa umri

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli nyingi mno, zinazohesabiwa kwa matrilioni. Seli nyingi kati ya hizo huchakaa na kufa, na nafasi zao huchukuliwa na seli mpya zinazozaliwa kwa mgawanyiko. Kila seli inapogawanyika, maandishi ya vinasaba vyake hunakiliwa upya. Mwandishi anayenakili kitabu kirefu hakosi kuruka herufi hapa na pale, na seli nayo ni hivyo hivyo. Makosa mengi hurekebishwa na seli yenyewe, na mengine hayana madhara. Lakini machache hugusa vinasaba vinavyoiamuru seli igawanyike lini na ikome lini. Makosa ya namna hiyo yakikusanyika katika seli moja, huzaliwa seli isiyotii amri. Hiyo ndiyo mbegu ya saratani.

Jambo la kuzingatia ni neno “yakikusanyika”. Kosa moja kwa kawaida halitoshi. Mwaka 1954 wataalamu wawili wa Uingereza, Peter Armitage na Richard Doll, walichunguza takwimu za vifo na kuonyesha kwamba kwa aina nyingi za saratani za watu wazima, idadi ya vifo huongezeka kwa kadiri ya umri uliopandishwa kipeo cha 6 hivi. Mwanafunzi wa hisabati na aitafakari hesabu hiyo. Ikiwa umri wa mtu umeongezeka mara mbili, kutoka miaka 30 hadi 60, hatari haiongezeki mara mbili. Huongezeka mara 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani mara 64. Kanuni hii si sawasawa kwa kila saratani, na zipo saratani za watoto zisizoifuata kabisa, lakini inatufundisha kwamba umri wenyewe ni sababu kubwa kupita zote.

Sasa tuitazame nchi yetu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, wastani wa umri wa kuishi ulikuwa miaka arobaini na kidogo. Leo umepita miaka 65. Chanjo, maji safi, lishe na tiba vimewawezesha watu wengi kufika katika umri ambao zamani ulifikiwa na wachache. Kwa hiyo wengi wamefika katika umri ambao saratani hujitokeza. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 katika mwaka huo mmoja. Mzee anayesema, “Zamani ugonjwa huu haukuwapo,” hasemi uongo kwa kadiri alivyoona kwa macho yake. Lakini ulikuwapo, watu wengi walikufa kwa maradhi mengine kabla haujawafikia, na waliofikiwa nao walizikwa bila ugonjwa wao kupewa jina.

Maelezo haya yana faida moja kubwa kwa mgonjwa. Yanaondoa lawama. Mzee aliyepatwa na saratani hakulogwa na jirani, wala haadhibiwi kwa kosa la ujana wake. Tena ugonjwa wenyewe hauambukizi. Virusi vinavyosababisha baadhi ya saratani huweza kuambukizwa, lakini uvimbe wa mgonjwa hauhami kutoka kwake kwenda kwa mjukuu kwa njia ya kikombe, kijiko au blanketi. Kumtengea bibi sahani yake ni kumwongezea ugonjwa wa pili, ambao ni upweke.

Kosa katika hoja ya hofu

Hofu ya saratani ina hoja yake, nayo hutamkwa hivi: “Aendaye Ocean Road harudi.” Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoko Dar es Salaam katika majengo yaliyoanza kuwa hospitali tangu zama za Wajerumani, iliundwa kwa sheria mwaka 1996, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo la nchi nzima kwa tiba ya mionzi. Watu wameona jamaa zao wakisafiri kwenda huko, na wameona majeneza yakirudi. Hoja yao imejengwa juu ya mambo waliyoyaona, hatuwezi kuidharau.

Lakini tuipime kama tunavyopima hoja yoyote ya kisayansi. Sehemu kubwa ya wagonjwa wanaofika katika taasisi hiyo hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Kwa nini wamechelewa? Wengi wamechelewa kwa sababu waliogopa. Basi hofu huchelewesha, kuchelewa huua, na kifo kile huthibitisha hofu. Duara hili hujizungusha lenyewe, na kila mzunguko huongeza ushahidi wa uongo dhidi ya tiba. Ni sawa na mtu anayepeleka hospitalini wale tu walio mahututi, kisha akahitimisha kwamba hospitali ndiyo inayoua.

Ushahidi wa upande wa pili upo hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Uganda, alieleza saratani ya taya iliyowapata watoto. Mwaka 1964 virusi vinavyohusiana na ugonjwa huo vikagunduliwa. Mwaka 1967 ikafunguliwa Taasisi ya Saratani ya Uganda mjini Kampala, na katika miaka ile watoto kadhaa walitibiwa kwa dawa wakapona, wakati ambapo madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba dawa peke yake zingeweza kuponya uvimbe wa namna hiyo. Kwa hiyo dai kwamba saratani haina tiba kwa Mwafrika lilikwisha kuvunjwa nusu karne iliyopita, tena katika ardhi yetu wenyewe.

Yanayoweza kuzuiliwa au kuwahiwa

Si kila saratani inazuilika, na mtu asidanganywe kuwa kula mboga kutamkinga na yote. Lakini yapo mambo ambayo kaya ya Singida inaweza kuyafanya kwa uwezo wake.

Kwanza, chakula. Mahindi na karanga zisipokaushwa vizuri huota ukungu unaotoa sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo husababisha saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, majirani wa Singida. Wale walikufa kwa haraka kwa sababu dozi ilikuwa kubwa. Dozi ndogo ya kila siku haipigi kelele, bali hufanya kazi kwa miaka. Kukausha juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kuhifadhi mahali pakavu, na kuchambua karanga zilizovunda bila kuzitupia katika unga wa uji wa watoto, ni tiba isiyohitaji daktari.

Pili, joto la kinywaji. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula, huonekana kwa wingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, na nchi yetu imo. Mwaka 2016 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaochunguza saratani ulitangaza kwamba kunywa vinywaji vyenye joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda kunasababisha saratani hiyo. Ubaya hauko katika chai wala uji, bali katika kuvinywa vikiwa bado vinaunguza. Dakika chache za subira zatosha. Tumbaku na pombe kali nazo huongeza hatari hiyo.

Tatu, akina mama. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza katika nchi yetu, na chanzo chake ni virusi vya papiloma, ugunduzi uliompatia Harald zur Hausen wa Ujerumani Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Tangu mwaka 2018 wasichana wa Tanzania wanapewa chanjo dhidi ya virusi hivyo. Kwa wanawake walio kati ya miaka 30 na 50 upo uchunguzi rahisi wa kupaka asidi ya siki, ambayo hufanya sehemu yenye mabadiliko igeuke nyeupe; mabadiliko hayo huweza kutibiwa kabla hayajawa saratani. Lakini bibi wa miaka 65 asifikiri kwamba kwa kuwa ameacha kuzaa, jambo hili limempita. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma si jambo la kawaida hata kidogo. Vivyo hivyo uvimbe katika titi, hasa ule usiouma. Wengi hungoja maumivu ndipo waende hospitali. Kumbe katika saratani maumivu mara nyingi ni mgeni anayefika wa mwisho.

Nne, akina baba. Mwanamume mzee anayeamka mara kwa mara usiku, au anayepata shida kukojoa, huweza kuwa na uvimbe wa tezi dume. Mara nyingi uvimbe huo si saratani, bali ni ukuaji wa kawaida wa uzee, nao una tiba. Na hata inapokuwa saratani, ziko zinazokua polepole sana. Uchunguzi wa maiti katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba wanaume wengi wazee hufa kwa sababu nyingine huku wakiwa na saratani ndogo ya tezi dume ambayo haikuwahi kuwasumbua. Ndiyo maana daktari huweza kumshauri mzee mmoja afanyiwe tiba mara moja, na mwingine afuatiliwe tu kwa vipimo. Ushauri wa kungoja haumaanishi kwamba mzee ametupwa. Nao ni uamuzi wa kitaalamu. Mzee aliyeelezwa hivyo huweza kuishi na ugonjwa wake kama anavyoishi na goti linalouma, badala ya kuuhesabu kila asubuhi kuwa hukumu.

Je, mzee aambiwe?

Hapa ndipo penye mgogoro wenyewe. Wengi husema: “Tukimwambia, moyo utakatika, atakufa kabla ya siku zake.” Wanaosema hivyo hawana nia mbaya. Katika desturi zetu mkubwa haletewi habari nzito kwa pupa, na adabu hiyo ina hekima ndani yake. Lakini adabu ya kuchagua wakati na maneno ni tofauti na kumnyang’anya mtu habari za mwili wake mwenyewe.

Tufikirie mambo ambayo mzee asiyejua hawezi kuyafanya. Hawezi kugawa mashamba na mifugo kwa kauli yake. Hawezi kumwita ndugu waliyekosana ili wapatane. Hawezi kusema anataka kulala wapi siku zake za mwisho, wala kuchagua kati ya tiba na kupumzika. Mara nyingi anajua tayari kwamba kuna jambo; mwili wake umemwambia. Ila, kwa kuwa kila mtu anajifanya hakuna kitu, naye analazimika kujifanya, na hivyo watu wanaopendana wanaishi nyumba moja wakidanganyana hadi kaburini.

Liko pia suala la gharama. Kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni safari ya kiasi cha kilomita 700. Huduma za saratani zinapatikana pia Bugando mjini Mwanza na KCMC mjini Moshi, lakini huko nako si karibu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ziliweka msingi wa matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Hata hivyo nauli, malazi, chakula cha anayemsindikiza na shamba lililoachwa bila mtu havimo katika msamaha huo. Mzee anayekataa kusafiri si lazima awe mjinga. Huenda amepiga hesabu, akaona ng’ombe wawili wa mwisho ndio ada na sare za wajukuu. Uamuzi huo unastahili heshima, lakini kwa sharti moja: awe ameelezwa kwa kweli tiba inaweza kumpa nini na haiwezi kumpa nini. Anayekataa tiba ambayo ingemponya, kwa sababu tu alifichwa kuwa inaponya, hakuamua, ameamuliwa.

Wala hatusemi kwamba kila mzee amiminiwe kila habari. Wapo wasiotaka kujua, na hiyo nayo ni haki yao. Njia iliyo bora ni kumwuliza yeye kwanza: “Babu, majibu yametoka. Ungependa daktari akueleze wewe mwenyewe, au amweleze mtu utakayemchagua?” Swali hilo dogo humrudishia mzee mamlaka yake. Na ikiwa Kiswahili cha hospitalini kinampiga chenga, aelezwe kwa Kinyaturu au Kinyiramba, maana maneno mazito hueleweka vema katika lugha ambayo mtu alilelewa nayo.

Taifa letu liliwahi kupata funzo katika jambo hili. Mwalimu Julius Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas’ mjini London, akiwa na umri wa miaka 77, na wananchi waliambiwa waziwazi kuwa alikuwa na saratani ya damu. Hadi mwaka wake wa mwisho alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Jina la ugonjwa lilitajwa redioni, na heshima yake haikupungua hata chembe. Kama liliweza kutajwa kwa Baba wa Taifa, kwa nini lisitajwe kwa babu wa Mandewa?

Maumivu si lazima

Wazee wengi, ukiwasikiliza vizuri, hawaogopi kufa. Wameshazika wazazi, ndugu na pengine watoto. Wanachoogopa ni maumivu, na kuwa mzigo. Kwa hiyo ni lazima ijulikane kwamba maumivu ya saratani yanaweza kutulizwa. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ngazi tatu wa kutuliza maumivu hayo, kuanzia dawa za kawaida hadi mofini. Mofini ya kunywa hutengenezwa kwa unga na maji, na bei yake si kubwa. Nchini Uganda, kituo cha Hospice Africa kilichoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993 kimeonyesha kwamba dawa hiyo inaweza kumfikia mgonjwa nyumbani kwake kijijini. Na tangu mwaka 2004 nchi hiyo imewaruhusu hata wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika.

Baadhi ya watu huogopa kwamba mofini itamfanya mzee mlevi wa dawa, au kwamba kuipewa ni dalili kuwa amekatiwa tamaa. Yote mawili si sahihi. Ikitolewa kwa kipimo na mtaalamu kwa ajili ya maumivu ya kweli, humwezesha mgonjwa kulala, kula na kuzungumza na wajukuu wake. Jamii inayokubali mzee alie usiku kucha ilhali dawa ya kumtuliza inajulikana, haiwezi kujisifu kuwa inawaheshimu wazee.

Wajibu wa shule

Mwalimu wa biolojia anapofundisha mgawanyiko wa seli, asiishie kwenye mchoro ubaoni. Aseme kwamba mgawanyiko huo ukikosa utii ndio unaoitwa saratani. Mwalimu wa hisabati atumie kipeo cha 6 cha umri kama zoezi. Klabu ya sayansi ichukue kipimajoto, imimine chai katika kikombe, na iandike joto lake kila dakika hadi lishuke chini ya nyuzi 65. Kisha wanafunzi wapeleke jibu nyumbani. Darasa lichambue kilo moja ya karanga za sokoni na kuhesabu zilizoota ukungu. Hayo hayahitaji maabara ya kifahari.

Na wewe mwanafunzi, usijifanye daktari. Kazi yako si kutoa jina la ugonjwa wala dawa. Kazi yako ni kujua dalili zinazotaka hospitali, kusoma karatasi kwa usahihi, kumsindikiza mkubwa wako hadi dirisha la mapokezi, na kukataa kwa adabu kushiriki katika uongo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Wazee wetu walitufundisha methali hiyo tukiwa watoto. Haifai sisi tuliosoma tuwe ndio wa kuwafichia maradhi yao.